Alfa 0.84 haitoshi kusema dodoso ni halali

SWALI: Shikamoo daktari. Nasoma shahada ya uzamili ya afya ya jamii. Nimetafsiri dodoso la sonona, PHQ-9, kwa Kiswahili. Mwenzangu akalirudisha kwenye Kiingereza, tukalinganisha. Kisha nimewauliza wagonjwa 120 wa kifua kikuu. Alfa ya Cronbach imekuja 0.84, lakini msimamizi wangu hataki niandike kwamba dodoso limethibitika kuwa halali. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba. Msimamizi wako yuko sahihi. Alfa inakuambia kwamba maswali yote tisa yanakwenda pamoja, basi. Haikuambii kwamba kinachopimwa ni sonona, na kwa wagonjwa wako hilo ndilo la kuhofia. Mgonjwa wa kifua kikuu amechoka, hamu ya kula hana, usiku hapati usingizi kwa kukohoa. Hayo ni maswali matatu, kila moja alama 0 hadi 3. Anaweza kufikisha 9 kabla hajagusa swali la huzuni, na kizingiti kilichozoeleka, yaani alama ambazo mtu akizifikisha huhesabiwa kuwa huenda ana sonona, ni 10! Tena maswali hayo yakipanda pamoja kwa sababu ya mapafu, alfa nayo hupanda.

Unachokosa ni kipimo cha rejea: mahojiano rasmi ya uchunguzi, kama MINI, yafanywe na mtu aliyefunzwa ambaye hajaona alama za dodoso. Yafanyike siku hiyohiyo au ndani ya siku chache, maana PHQ-9 inauliza kuhusu wiki mbili zilizopita. Wengi huharibia hapa: ili kubana bajeti, wanawahoji waliopata alama za juu tu. Sasa wale wenye sonona waliopita chini ya kizingiti utawajuaje? Unyeti, yaani uwezo wa dodoso kuwanasa wenye sonona, utatoka mzuri kuliko ulivyo. Kama fedha ni kidogo, chukua sampuli nasibu ya wenye alama za chini nao wahojiwe, halafu uzingatie kwenye hesabu kwamba ni sehemu tu yao waliohojiwa.

Tuseme umehoji watu 200 na 40 wana sonona. Dodoso limewanasa 32 kati yao: unyeti asilimia 80. Kati ya 160 wasio nayo, 128 wako chini ya kizingiti: umahususi, yaani uwezo wa kuwaacha wasio na sonona, asilimia 80. Inapendeza, ila waliovuka kizingiti ni 64, na nusu yao hawana sonona. Lipeleke dodoso hilohilo mahali ambapo wenye sonona ni 10 kati ya 200: litanasa 8, na wengine 38 watapelekwa rufaa bure.

Kroenke na wenzake, watunzi wa PHQ-9, mwaka 2001 walipata asilimia 88 kwa unyeti na kwa umahususi kwenye kizingiti cha 10, lakini kwa wagonjwa wa kliniki za Marekani. Kwa wagonjwa wako kizingiti kinaweza kuwa kingine. Jaribu 8, 9, 11 na 12 pia.

Kwa data ulizonazo, yaani alfa pekee, andika "uthabiti wa ndani ulikuwa mzuri" na uishie hapo.

Ila leo, kabla hujagusa tasnifu, pitia fomu zote 120 uangalie swali la tisa, lile la mawazo ya kufa au kujidhuru. Yeyote aliyejibu zaidi ya 0 na hakuonwa na mtaalamu, mpigie muuguzi wa kliniki sasa hivi atafutwe.