Hizo dola 750 sijaziona

Mjomba wangu, mtoto wa dada,

Nimeisikiliza mara tatu ile sauti uliyoweka kwenye grupu la ukoo. Mara ya kwanza nilicheka, ya pili nikakasirika, ya tatu nikanyamaza, maana kuna mahali umesema kweli. Nakujibu pembeni. Nianze na uongo, ukweli wako nitaufikia.

Unasema serikali ya Marekani imempa kila aliyekumbwa na kimbunga dola 750, umeona kwenye simu, na mimi zangu nimezikalia. Unasema picha zangu zinaonyesha naishi ufukweni, natalii, najitolea bure kwa Wazungu kwa kuwa nimeshiba, na sikukuu zao zote nimekula huku, wakati ukuta wa uani kwa Bi Mkubwa, mama yangu, umelala chini tangu kimbunga Hidaya. Shangazi naye akamalizia na vikatuni vitatu vya kulia.

Hizo 750 zilikuwepo. Ni hela ya mahitaji ya haraka inayotolewa na FEMA, shirika lao la maafa, kwa kaya iliyoomba ikakubaliwa. Lakini fomu haifiki mbali kabla ya kukuuliza: wewe raia? Una green card, ile kadi ya ukaazi wa kudumu? Mkimbizi uliyekwishapokelewa? Mimi faili langu bado liko mezani kwa watu wa uhamiaji. Nina kibali cha kufanya kazi, yaani nina ruhusa ya kukatwa kodi. Maji ya chupa, chakula cha moto na kitanda cha kambini hawamwulizi mtu karatasi. Hela mkononi, hapana. Na faili hilo hilo ndilo linalonizuia kuja Desemba: nikitoka bila ruhusa ya safari wanahesabu nimelitelekeza. Tafadhali, habari ya Desemba tuiache hapo.

Sasa ile fulana ya kijani niliyovaa kwenye picha.

Nilikuwa nafua mashuka kwenye hoteli moja ya ufukweni, upande wa St. Pete Beach, Florida. Chumba cha kufulia kiko chini kabisa. Tarehe 26 Septemba 2024 kimbunga Helene kilipita mbali baharini kikienda kupiga kaskazini, kule wanakoita Big Bend, na wengi wakasema kimetuacha. Sisi wa Kilwa bamvua, yale maji makubwa ya bahari, tunaijua, inakuja na mwezi wake, mtu anavuta ngalawa yake juu mapema. Hii haikuja na mwezi. Usiku bahari ilipanda zaidi ya futi 6 juu ya pale inapofika ikijaa, mvua yenyewe si ya kutisha, maji tu yanaingia mlangoni kama mwenye nyumba karudi. Kaunti yetu peke yake walikufa watu zaidi ya 10.

Siku ya nne walituruhusu kuingia. Mashine zimejaa mchanga mpaka kwenye kioo cha mlango. Ndani ya moja shuka lilikuwa bado limo, juu jeupe, chini tope tupu. Meneja akasema tusubiri simu. Simu ilikuja katikati ya Novemba. Hesabu mwenyewe hizo wiki. Huku hakuna kwenda kukaa kwa Shangazi mambo yakiharibika. Chumba changu ni dola 700 na tarehe moja ni tarehe moja. Nikaanza kudandia vibarua vya kubomoa nyumba zilizolowa. Mkandarasi mmoja alitufanyisha siku sita akatulipa nne, namba yake ya simu ikafa.

Ndipo nikasimama kwenye foleni ya chakula, uwanja wa kanisa fulani. Natoka kibaruani, nanuka maji ya bahari yaliyochanganyika na ya chooni. Mama mmoja wa meza ya nguo akanitazama, akachimba kwenye boksi, akanipa fulana ya kijani. Ndiyo pekee iliyobaki ya saizi yangu. Mgongoni imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba huyu ni wa kujitolea. Nikaivaa, sikuwa na la kuchagua. Dakika tano hazijaisha, mtu ananigusa bega: wewe, njoo tushushe maji kwenye lori. Nikashusha. Nikabeba boksi kwelikweli, mjomba, zile boksi mnazotuchekea.

Chakula kilipoiva, wenye fulana waliitwa upande wa pili wa meza. Wali ule ule, kuku yule yule. Ila upande wa foleni unapokea macho chini, na upande wa fulana unapokea huku watu wanakushukuru. Kesho yake nikarudi, fulana nimeifua. Picha mliyoiona ni ya siku hiyo ya pili, na ndivyo nilivyoanza kujitolea. Moyo mzuri ulikuja baadaye, tena kidogo kidogo.

Picha ya kituo cha mafuta, mnayosema natalii: wiki mbili baada ya Helene hazijatimia, kimbunga Milton kikaja. Magodoro na mafriji ya watu bado yamerundikwa barabarani. Meya wa Tampa, Jane Castor, alisema kwenye televisheni bila kupepesa macho kwamba atakayebaki maeneo ya kuhama atakufa. Tukajazana watano kwenye Corolla ya Mkenya mmoja, tukashika barabara ya kaskazini pamoja na Florida nzima. Kituo cha saba ndicho kilichokuwa na mafuta, ndiyo maana nimetabasamu vile. Usiku tulilala garini Valdosta, Georgia, mji ambao Helene kilikuwa kimeshaupiga, miti bado imelalia mapaa. Magofu tunayo Kilwa Kisiwani, sikuhitaji kuyafuata Georgia. Huo ndio utalii wangu. Milton chenyewe kilitua kusini yetu, Siesta Key, tarehe 9 Oktoba, upepo ukayafukuza maji ya ghuba ya Tampa mpaka sakafu ya bahari ikaonekana, na tuliporudi tukakuta paa la uwanja wa besiboli, Tropicana Field, limechanika kama tanga la jahazi.

Baada ya hapo kila Jumamosi nilikuwa nyumbani kwa mtu nisiyemjua. Kazi yenyewe haina siri. Unakata ukuta wa jipsamu futi 4 kutoka chini, unatoa sufi iliyonyonya maji, unang'oa misumari, unapiga dawa ya ukungu. Friji hulifungui, unalizungushia tepu unalitoa na vilivyomo. Kijana mmoja alilifungua. Sikula siku ile.

Kuna bibi Treasure Island, umri wa marehemu nyanya yako mzaa baba. Nyumba yote ilitoka nje, makochi, zulia, kabati la harusi yake, akaangalia tu. Alichong'ang'ania ni boksi moja la mapambo ya Krismasi, limejaa maji ya tope. Ilikuwa Jumamosi ya baada ya ile Siku yao ya Shukrani. Wenzangu walikuwa wanapiga mtaimbo ndani, mimi nikapewa ndoo, sabuni na jiki kidogo. Mtoto wa madrasa ya Kivinje, nimechuchumaa barazani Florida naosha mapambo ya Krismasi moja moja kama nachambua dagaa. Kila nikitoa moja kwenye tope ananiambia ni la mwaka gani na nani alilileta. Wengi wa hao wameshakufa. Mawili yalinivunjikia mkononi, akasema hayo hakuwahi kuyapenda.

Nikaondoka jioni akanifuata na bahasha, dola 60. Anayejitolea hapokei, tulishaambiwa. Nikakataa. Akanyoosha tena, nikakataa. Ya tatu nikapokea, nikageuka nyuma kuona kama kuna aliyeona.

Zile dola 100 za tarehe 20 Desemba, 60 ndizo hizo. Mkasema nimepunguza. Sikupunguza. Mei dola ilikuwa inaikaribia shilingi 2,600, Desemba imeshuka karibu 2,400. Shilingi yenu imepata nafuu, hongereni, mimi imenipunguzia heshima.

Haya. Ukweli wako.

Tarehe 4 Mei 2024 Hidaya kiliingia Mafia, mvua ikakata barabara Somanga, mabasi ya kusini yakakwama. Ulinitumia sauti usiku ule, nyuma yake nasikia maji, na nasikia Bi Mkubwa anaita watu washike bati. Wakati ule nilikuwa na kazi. Nilikuwa na dola 400 nimeziweka za wakili. Nikatuma 80, nikaandika poleni sana, Mungu awape subira, nikaingia shifti. Umehesabu kwenye sauti yako: "mama yake alimpa siku moja ya mshahara, Wazungu amewapa Jumamosi tisa." Hesabu yako ni sahihi.

Ningeweza kukudanganya kwamba nilipokuwa nachota mchanga wa watu nilikuwa nawaza Somanga. Nilikuwa nawaza kodi. Siku nyingine nilikuwa nawaza tu hicho chakula cha saa saba. Ila nimejiuliza tangu juzi kwa nini ile kazi ilikuwa inanipa usingizi, na kuwatumia ninyi hela kunaninyima. Nafikiri ni kwamba mchanga wa huku nauona. Nikipiga beleshi unapungua, jioni sakafu imetokea. Wa kwenu nautupia hela gizani. Hela inaingia, kimya, wiki ya pili sauti nyingine. Sijui kama ilinunua saruji au ada au mtu alikopeshwa. Sisemi umekula. Nasema sijawahi kuuona huo ukuta.

Kwa hiyo nitumie picha ya ukuta. Usinitumie cheti cha hospitali wala matokeo ya mtihani ya mtoto wa nani sijui. Ukuta. Matofali mangapi yamevunjika, mangapi yanafaa kurudishwa. Mwite fundi, aseme bei mbele yako, unirekodie akisema.

Kuhusu wewe kuja huku: usije. Yule wa Dar anayekwambia ana mtu ubalozini hana mtu, na shamba la ufuta ukiliuza halirudi. Usije kufua mashuka na kukimbizwa na bahari ya watu wakati unayo ya kwenu. Nakuambia kama mtoto wa dada yangu.

Lakini ile bahati nasibu ya green card ijaze kila mwaka ikifunguliwa. Anayekudai hela ya kuhakikisha utapita ni mwizi. Ukiipata hiyo njoo hata kesho, nitalala sakafuni wewe ulale kitandani. Tofauti ya mimi na Mkenya mwenye Corolla ni hiyo kadi tu. Tulilowa siku moja, yeye FEMA wakamjibu, mimi nikabaki nakodoa macho.

Na kabla ya hapo nenda VETA, chuo cha ufundi, ukasome umeme wa nyumba. Huku baada ya kimbunga fundi umeme anabembelezwa kama bwana harusi, anatoa siku anayotaka yeye. Halafu ukishaujua umeme huo, kwa nini usikae Kilwa? Nyumba ngapi za Masoko zimefungwa nyaya na mtu aliyejifunza kwa kutazama? Ona, nimeshakukataza, nimekuita, nimekukataza tena. Ndivyo ninavyojisemesha mwenyewe kila nikipanda basi la alfajiri.

Mwisho ile picha ya mti wa Krismasi, iliyowauma kuliko zote. Niko kwa yule bibi, alituita tuje tunywe chai. Mti ni wa plastiki, mapambo ni yale niliyoyaosha. Ikuze. Nyuma ya mti hakuna ukuta, ni mbao zilizosimama na misumari, unaona moja kwa moja mpaka jikoni, na jikoni hakuna jiko. Anapikia gesi ya kambi juu ya ndoo iliyogeuzwa. Bima bado haijamjibu. Yeye ni raia, karatasi anazo zote.

Jumamosi hii naenda tena, tunaanza kumrudishia jipsamu. Jumapili nitampigia Bi Mkubwa saa tisa alasiri ya kwenu, huku itakuwa saa moja asubuhi. Mwambie asiweke simu mbali. Na jioni ukiwasomea haya pale barazani, ya bahasha yaruke.