Jibu: Nyota iliyozima inapata wapi nguvu ya kutoa eksirei?

Ndugu, umeuliza nyota ya nyutroni, yaani kiini kilichobanana sana cha nyota kubwa ambayo tanuri lake limeshazima, inapata wapi nguvu ya kutoa eksirei. Inazipata kwa jirani. Chukua Centaurus X-3, nyota ya nyutroni yenye jirani wa namna hiyo: nyota mwenzake ina uzito wa takribani Jua 20, na gesi yake inavutwa na hii ndogo yenye upana wa kilomita 20 na ushei tu. Gesi haidondoki moja kwa moja. Huzunguka kwanza kama sahani, kisha uga wa sumaku huielekeza kwenye ncha mbili za sumaku za nyota hiyo ndogo, na inapogonga pale kasi yake ni takribani nusu ya kasi ya mwanga. Kilo moja ya gesi hiyo hutoa nishati zaidi ya mara 10 ya kilo ya haidrojeni inayoungana ndani ya Jua!

Mpigo wa eksirei tunauona kila sekunde 4.8, nyota ndogo inapojizungusha na ncha yake kutugeukia. Kila baada ya siku 2.1 eksirei hufifia kwa saa kadhaa, nyota kubwa ikiikinga ndogo. Ndipo ikajulikana ni jozi ya nyota.

Setilaiti iliyogundua hayo, Uhuru, ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, hapa pwani karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970. Watoto wetu wafundishwe hili shuleni.