Kuhusu albamu ya kwanza ya Kylie Minogue

Umeuliza kama albamu ya kwanza ya Kylie Minogue, mwimbaji na mwigizaji wa Australia, iliyotoka mwaka 1988 kwa jina la Kylie, ni kazi yake mwenyewe au ya watayarishaji wake. Kwa upande wa utunzi ni ya watayarishaji: nyimbo zote isipokuwa The Loco-Motion zilitungwa na Mike Stock, Matt Aitken na Pete Waterman, ambao studio yao ya London ilikuwa ikifyatua nyimbo za dansi kama kiwanda. Hata I Should Be So Lucky, uliokaa kileleni Uingereza kwa wiki tano, inasimuliwa kwamba waliutunga kwa haraka huku mwimbaji akisubiri, kwa kuwa alitakiwa kurudi Australia kurekodi tamthilia ya televisheni ya Neighbours, ambayo tayari ilikuwa imempa jina.

Hata hivyo, nisingekubali kwamba yeye alikuwa sura tu. The Loco-Motion, wimbo wa Marekani wa mwaka 1962 ulioimbwa kwanza na Little Eva, aliurekodi Australia na kuongoza chati za huko mwaka 1987, kabla watatu hao hawajafanya naye kazi. Waliurekodi upya baadaye kwa ajili ya albamu. Sauti yake ni nyembamba, nakiri, lakini inaingia kwenye mdundo kwa usahihi na uchangamfu ambao waimbaji wengi wenye sauti nzito zaidi hawakuwa nao.