Kwa nini "She wants to goes" ni kosa

Ndugu, umeuliza kwa nini "goes" inakataa hapo wakati mtendaji ni "she". Ile -s imeshachukuliwa na "wants". Hicho ndicho kitenzi kinachobeba nafsi na wakati. "To go" kimebaki kitupu, hakijui jana wala leo. Hata Kiswahili unasema "anataka kwenda", husemi "anataka anakwenda". Sasa ipeleke jana: "She wanted to go". Umeona kilichobadilika ni kipi? "Going" na "gone" nazo zenyewe hazisimamishi sentensi; "She going" inadai "is". Mtego hasa uko kwenye "He made me cry": "to" haipo, basi watu wanateleza wanaandika "cried". Mimi mwenyewe nilikatwa maksi hapo.