Kabla ya kudai samaki zaidi, tuache kuozesha waliokwisha kuvuliwa

Ukiuza dagaa Mbeya utalisikia sana hili: mambo ya kuhifadhi bahari waulizwe watu wa Tanga, Mafia na Mtwara, sisi wa milimani yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa sababu tunakula. Mezani kwangu wapo usipa wa Kyela (dagaa wa Ziwa Nyasa), dagaa wa Kigoma na wa Mwanza, na mara mojamoja mzigo wa pwani unaokwenda Tunduma huacha viroba viwili vitatu hapa njiani. Huko wakiadimika, mama lishe wa Mwanjelwa anaanza kupunguza kwenye sahani wiki hiyohiyo.

Kelele nyingi zinapigwa juu ya zana: kokoro, vyandarua, baruti kule pwani. Ni kelele za haki, na zana hizo zimepigwa marufuku. Lakini wanaopotea wakishavuliwa hawapigiwi kelele, na hao ndio sisi wafanyabiashara tunaoweza kuwaokoa bila kungoja boti ya doria.

Usipa huvuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa gizani wanakusanyika kwenye mwanga, mbalamwezi ikiwaka hawajali taa, na wavuvi wengi wanapumzika. Kwa hiyo mzigo unakuja kwa mkupuo. Sasa weka mkupuo huo kwenye masika ya Kyela, na mvua ya Kyela mnaijua, haina adabu. Usipa waliomwagwa mchangani wanalowa, matumbo yanapasuka, vichwa vinakatika, na wakifika Uyole wanafaa kwa chakula cha kuku tu. Mvuvi aliyepata hasara hiyo hakai nyumbani kusikitika. Ana deni la mafuta na vibarua wa kulipa, basi usiku huohuo anarudi ziwani kufidia. Ziwa linavuliwa mara mbili, mlaji anapata sahani moja.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza kwa yeyote anayefuata mzigo Kyela ni kichanja. Si kitu cha ajabu: nguzo za miti, usawa wa kiuno, wavu umetandazwa juu, hewa inapita juu na chini, na turubai liko karibu wingu likitokea. Nunua kwa anayeanika hapo, hata kama anaongeza bei kidogo, na umwambie wazi kwamba umemfuata yeye kwa sababu ya kichanja. Maneno hayo yanasambaa ufukweni haraka kuliko semina.

Utajuaje kama hawakuanikwa chini? Chota kiganja, sugua, sikiliza mchanga. Kisha mvunje mmoja shingoni, maana hapo ndipo panapokauka mwisho. Akikatika kwa mlio, chukua. Akipinda, bado ana maji, na ukimfunga kwenye kiroba atawaambukiza wenzake ukungu. Angalia na rangi: mzuri ana weupe wa fedha, ukiona unjano wa kutu ujue mafuta yameshachacha. Na kiroba kinachonuka dawa ya wadudu usikiguse, wala usibishane bei.

Mama lishe, nunua wakati wa giza, bei inaposhuka, uweke akiba ya mbalamwezi. Waanike tena siku moja wakifika, watie kwenye ndoo yenye mfuniko, na usiiweke moja kwa moja kwenye sakafu ya saruji. Inapitisha unyevu.

Mbasa, samaki mwingine wa Ziwa Nyasa, ni habari nyingine. Huyu hupanda mito kutaga, mvua zikijaza. Anayetega nyavu kukinga mdomo wa mto msimu huo anakamata mama na mayai yake kwa pamoja, tena wakubwa, wanaovutia sokoni. Mimi siwanunui kipindi hicho, na mteja akiniuliza namweleza sababu. Hapa na sisi wa juu tuna sehemu yetu. Kiwira inateremka kutoka Rungwe mpaka Ziwa Nyasa. Viazi vikilimwa hadi ukingoni, tope linakwenda kutua palepale samaki wanapotaga. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inataka shughuli zikae mita 60 kutoka mtoni. Sote tunaijua namba hiyo, tunaipima kwa macho ya huruma.

Kuhusu kufunga maji, najua wachuuzi wengi hawapendi kusikia. Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, na miezi ile haikuwa rahisi kwa aliyetegemea mzigo wa Kigoma peke yake. Ila tarehe zinatangazwa mapema. Kusanya mzigo kabla, na mezani uwe na maharage na karanga. Songosongo kule Kilwa wavuvi wa pweza wamewahi kufunga wenyewe baadhi ya miamba, halafu wakaifungua tena. Pweza anakua haraka, ukimpa miezi michache unamkuta ameongezeka uzito, na mvuvi anauza kilo zaidi kwa pweza yuleyule. Dagaa nao hawaishi sana, kwa hiyo wakiachwa wazaane wanarudi upesi. Ningependa kuona jambo hilo likizungumzwa na vikundi vya BMU vya Kyela, vile vya wanajamii vya kusimamia uvuvi ufukweni, wachuuzi wa Mbeya tukiwa tumekaa kikao hichohicho, maana sisi ndio tunaowakopesha wavuvi fedha za mafuta na hivyo kuwasukuma waingie majini.

Mteja akilalamika kwamba usipa wa kichanja ni ghali, usimhubirie. Leta beseni mbili za maji, osha kisado cha kichanja na kisado cha mchangani mbele yake, kisha mwachie achague.