Kujenga nyumba ya kupangisha na ndugu na rafiki: naweza kumuahidi mwenzangu kiasi maalumu kila mwezi?

SWALI: Asalaam aleykum sheikh. Kaka yangu ana kiwanja Kigamboni, rafiki yetu alieko Muscat anatoa milioni 40, mimi natoa 20 na nasimamia ujenzi. Rafiki anataka laki 4 kila mwezi, wapangaji wawepo wasiwepo, na hela yake irudi yote hata mambo yakiharibika. Inafaa?

JIBU: Waaleykum salaam warahmatullah. Haifai ndugu yangu. Mtu akihakikishiwa hela yake yote inarudi na juu yake laki 4 za uhakika huyo kakopesha na anakula riba, hata mkiuita ubia, mana mshirika hasara nayo inamhusu.

Fanyeni hivi, kiwanja kithaminishwe sasa kabla hata ya kuchimba msingi, tuseme milioni 30, kiingie kwenye ubia kwa bei hiyo, jumla milioni 90: kaka ana sehemu 3 kati ya 9, wa Muscat 4, wewe 2. Kodi iliyopatikana kweli mkishatoa matengenezo mnagawana hivyohivyo, na hasara vilevile. Wewe unaehesabu mifuko ya simenti na kukimbizana na fundi usifanye bure kisha uje unung'unike, ila kwetu wa madhehebu ya Shafii faida inafuata mtaji, kwa hiyo chukua ujira uliotajwa kabisa usijiongezee fungu la faida (madhehebu ya Hanafi na Hanbali yanaruhusu mkikubaliana).

Rafiki akikazania kiasi maalumu njia ipo: nyumba ikishaisha wewe ikodi hisa yake kwa laki 4 kwa mkataba wa mwaka, wapangaji wakikosekana ni juu yako. Lakini nyumba ikianguka na sehemu yake imeanguka, na kodi inakoma.

Na muandikiane jamani, Al-Baqara aya ya 282 imeamrisha deni liandikwe, sembuse nyumba ya watu watatu! Watu wanaona haya kuandikiana na ndugu wa tumbo moja, halafu mmoja anakufa, hati ina jina la mwingine, mjane na mayatima wanaambiwa marehemu hakuwa na kitu hapa. Hiyo ni dhulma. Majina yote matatu yawepo na hisa ya kila mmoja, na hisa ya atakaekufa ni ya warithi wake, sio ya washirika waliobaki. Akitaka kuuza mmoja aanze na nyie, mana Mtume s.a.w. kahukumu shufaa, yaani haki ya mshirika kununua kabla ya mtu wa nje, kwenye kila kisichogawanywa, hadithi ya Jabir ipo kwa Bukhari.

Wallahu aalam.