Biolojia na sheria, zote mbili

Mdogo wangu, unauliza kama mwanabiolojia wa matumbawe akisomea na sheria za bahari atapotea njia. Hapotei. Itazame Hifadhi ya Bahari ya Silikanti hapa Tanga, iliyotangazwa 2009. Silikanti mwenyewe, samaki wa kale, anakaa kina kirefu. Kinachomnasa ni jarife, wavu mkubwa wa kutega, na jarife lina mwenyewe, naye ana watoto wa kulisha. Biolojia itakupa kina cha maji. Nani anatega wapi, waulize BMU wa kijiji (kikundi cha wavuvi cha kusimamia uvuvi), wanaotambuliwa na Sheria ya Uvuvi ya 2003. Shuka Kigombe, kijiji cha wavuvi hapa Tanga, ukae nao (dodoso liache nyumbani kwanza). Ila tafuta mapema wasimamizi wawili wa tasnifu, wa biolojia na wa sheria: tasnifu yangu ilizungushwa miezi, kila idara ikisema si yake.